AC za kipande kimoja Mtwara na Lindi: kabla hujalipia gesi tena, pita hapa

Fundi_Shangani

Wakuu, Mtwara kuchele. Uzi huu nimekaa nao kichwani muda mrefu. Leo mvua imenizuia kutoka, acha niuandike.

Juzi kati niliitwa kwenye ofisi moja iliyo ndani ya uzio wa maghala ya korosho. Mashine ya tani tano (tani za nguvu ya kupoza, si uzito), imekaa kwenye zege nyuma ya jengo. Mwenye ofisi akanipigia: "Fundi, njoo na mtungi, gesi imeisha tena." Hilo neno "tena" ndilo lililonishtua. Kumbe tangu minada ya msimu ianze ameshalipia gesi mara tatu, kila mara kwa fundi mwingine.

Nikafungua kabati. Filta hazikuonekana kabisa. Nyuzi za magunia na vumbi vilikuwa vimeshikana kama blanketi, nilipovuta pembeni likatoka kipande kizima. Nyuma yake koili imepakwa tope la kijivu, na bomba nene linalorudi kwenye kompresa (pampu inayosukuma gesi) limeganda barafu mpaka kwenye tumbo la kompresa yenyewe. Nikazima, nikaacha barafu iyeyuke, nikaosha koili, nikaweka filta mpya. Nilipowasha, presha zikapanda kupita kiasi. Gesi yote ya mara tatu ilikuwamo humo humo! Nikaanza kazi ya kutoa gesi na kuirudisha mtungini, badala ya kuongeza. Lakini kompresa ilikuwa imeshaanza kugonga. Ilidumu siku nne, ikafa.

Mteja yule kapoteza kompresa kwa sababu ya filta ambazo angeziosha mwenyewe kwa ndoo mbili za maji. Imeniuma, na ndiyo maana naandika.

Niseme kwanza ni mashine zipi. Sizungumzii spliti za ukutani. Nazungumzia zile za biashara ambazo kila kitu kimo kwenye kabati moja: kompresa, koili ya kupoza, koili ya kutoa joto, feni zote mbili na umeme wake. Inakaa juu ya paa au chini nje ya jengo, na dakti mbili (njia za hewa za bati) zinaingia ndani, moja ya kupeleka hewa baridi na moja ya kurudisha. Mabenki, kumbi, supamaketi na hoteli nyingi huku kwetu wanazo.

Sasa shikeni jambo hili. Gesi ya AC hailiwi kama dizeli ya jenereta. Inazunguka tu, inabeba joto ndani na kulitupa nje, kisha inarudi. Kwenye spliti kuna nati ambazo fundi kazikaza mwenyewe, kwa hiyo pana pa kuvujia. Mashine ya kipande kimoja inakuja na gesi yake toka kiwandani, mabomba yote yamelehemiwa huko huko. Ukiambiwa gesi imepungua, maana yake kuna tundu. Fundi anayejaza bila kukuonyesha tundu anakuuzia upepo.

Kwa nini basi mafundi wengi wanadanganyika? Kwa sababu hewa ikipita kidogo kwenye koili, gesi haipati joto la kutosha la kuichemsha, presha ya chini inashuka. Fundi anafunga geji, anaona sindano iko chini, anasema gesi hakuna. Geji haijakosea, tatizo ni kusoma sindano moja tu na kuacha mengine. Mimi kabla sijatoa geji kwenye begi nashika bomba nene la kurudi kwenye kompresa. Gesi ikiwa pungufu, bomba hilo linakuwa na uvuguvugu, na kama kuna barafu basi iko mwanzoni mwa koili tu. Upepo ukiwa mdogo, bomba ni baridi sana, linatoka jasho au limeganda lote. Kisha napima joto la hewa inayoingia kwenye koili na inayotoka. Kwa kawaida tofauti ni kama nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi. Gesi pungufu, tofauti inakuwa ndogo. Upepo mdogo, tofauti inakuwa kubwa, hewa inayotoka ni baridi kweli ila ni kidogo, haifiki mwisho wa ukumbi.

Ukijaza gesi kwenye mashine iliyozibwa filta, umetega bomu. Gesi inarudi kwenye kompresa ikiwa bado ya maji, na kompresa imeumbwa kukandamiza mvuke. Kimiminika hakikandamiziki. Inasafisha mafuta kwenye beringi, inavunja vilivyomo.

Jambo la pili ni chumvi. Ndugu wa Dodoma wakisoma hapa wataona nazidisha, ila wa Shangani, Mikindani na Lindi mjini wananielewa. Kusi ikivuma kuanzia Aprili, huleta mvuke wa bahari mpaka ndani ya kabati la mashine. Koili ni bomba la shaba lililovishwa fini, yaani vibati vyembamba vya aluminiamu. Metali mbili tofauti zikigusana na katikati yake kuna maji ya chumvi, ile dhaifu inaliwa, nayo ni aluminiamu. Utaona unga mweupe kwenye mizizi ya fini, pale zinapokumbatia bomba. Ukifika hatua ya kupitisha kidole gumba na fini zikamomonyoka kama biskuti, koili hiyo haina tena uwezo wa kutupa joto hata ukiiosha kila siku.

Dawa ni kuosha mapema kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kila mwezi kwa aliye karibu na maji. Zima umeme kwenye swichi kuu. Maji yatoke ndani kwenda nje, kinyume cha njia ya hewa, kwa presha ya bomba la bustani. Zile mashine za kuoshea magari zinalaza fini zote. Na tafadhali, onjeni maji kwanza! Visima vingi vya pwani vina chumvi. Nimekuta hoteli inaosha koili kwa bidii kila wiki, kwa maji ya kisima chake, na koili ikafa ndani ya miaka miwili. Tumieni maji ya mvua au ya bomba.

Ile rangi ya bluu au dhahabu kwenye fini isiwape usingizi. Kazi yake kubwa ni kufanya maji yateleze. Inasaidia kidogo, ila kwa mashine inayotazama bahari agizeni koili iliyopakwa epoksi toka kiwandani, na skrubu za kabati ziwe za stenlesi.

Karibuni tujadili.

Korosho_Njema

Mkuu umenigusa. Ofisini kwetu mwaka huu tumeshaongeza gesi mara mbili. Kesho nafungua filta kabla sijampigia mtu.

Kijana_wa_Chuno

Shikamoo fundi. Mimi nipo mwaka wa pili kwenye ufundi. Naomba utueleze na upande wa kufunga. Wengine tumeona kuhudumia tu, kufunga mashine mpya bado.

Fundi_Shangani

Marahaba mdogo wangu. Nitakupa yale ambayo nimeona yakiharibika, mengine yamo kwenye kitabu cha mashine, na ukisome.

Amua kwanza paa au chini. Mashine ya tani 10 inaweza kukaribia nusu tani ya uzito. Majengo yetu mengi yana kenchi za mbao na bati, haziwezi. Hata paa la zege, mwite mhandisi alitazame. Mimi huku nashauri chini, upande wa nyuma uliojificha na bahari, kwa sababu nyingine rahisi: mashine ya paani haioshwi. Watu wanaogopa ngazi. Ya chini mlinzi tu anaweza kuimwagia maji.

Zege liinuke juu ya ardhi walau sentimita 15. Mvua zetu za Januari hadi Machi mnazijua, maji yanasimama. Weka raba chini ya miguu ya mashine, pima usawa kwa pima maji pande zote. Acha nafasi mbele ya koili ya joto, kipimo kimo kitabuni, mara nyingi ni mita moja au zaidi, na juu ya feni pasiwe na kibanda. Nimekuta mtu kaijengea mashine kibanda cha makuti ili isipate jua. Nia njema, lakini hewa ya moto ilikuwa inapiga makuti na kurudi kwenye koili ile ile, mashine ikawa inapumua pumzi yake.

Dakti ya nje ivae sufi ya kuzuia joto na juu yake ngozi isiyopitisha mvuke, viungo vyote vizibwe kwa mastiki. Ukiacha upenyo, unyevu unaingia chini ya sufi, unagusa bati baridi, unakuwa maji. Mwaka mmoja tu bati limeoza na ukutani kuna ukungu.

Umeme: kompresa nyingi za sasa ni za skroli, zinazunguka upande mmoja tu. Fezi zikigeuka inapiga kelele, haipozi, na presha ya juu na ya chini hazitengani. Usikimbilie gesi hapo. Zima, badilisha waya mbili za fezi kwenye swichi kuu. Kama mashine ina hita ya mafuta ya kompresa, iache kwenye umeme saa 12 hadi 24 kabla ya kuiwasha kwa mara ya kwanza. Gesi hujificha kwenye mafuta, na ukiwasha ghafla mafuta yanatoka povu.

Mzee_wa_Mikindani

Fundi, hili la umeme ongezea. Sisi unakatika, unarudi, unakatika. Jirani yangu kaunguza kompresa mbili.

Fundi_Shangani

Mzee wangu, shikamoo. Vitu viwili, na kwa bei ya kompresa moja vinajilipa vyote. Cha kwanza ni rilei ya kulinda fezi: fezi moja ikipotea au volti zikishuka sana, inakata kontakta (swichi inayopeleka umeme kwenye mota) kabla mota haijaungua. Cha pili ni taima ya kuchelewesha, dakika tatu hadi tano baada ya umeme kurudi. Kompresa ikisimama, upande mmoja unabaki na presha kubwa. Ikilazimishwa kuanza palepale inavuta umeme mwingi na haizunguki. Ipe muda presha zilingane. Jenereta pia, mwambie mlinzi asiwashe swichi ya AC papo hapo.

MamaLoji_Lindi

Fundi habari za kazi. Mimi nina loji ndogo hapa Lindi, ukumbi wa mikutano una mashine ya aina hiyo, tani tano. Tatizo langu si baridi, baridi ipo. Maji yanadondoka kwenye dari la jipsamu, limeshavimba mara mbili nimebadilisha. Mafundi wawili wamezibua bomba la maji, wanasema liko wazi. Mmoja kaniambia ni gesi. Wikiendi hii nina semina. Nisaidie.

Fundi_Shangani

Dada, pole sana. Kabla sijasema neno, nijibu jambo moja. Mashine ikiwa inafanya kazi, bomba la maji kule nje linatoa maji? Na ukiizima, nini kinatokea?

MamaLoji_Lindi

Nimetoka kuangalia sasa hivi na kijana wangu. Ikiwa inawaka linadondosha tone moja moja tu. Tulipozima, yametoka mengi kwa mkupuo, kama mtu kamwaga ndoo. Mpaka kijana karuka nyuma.

Fundi_Shangani

Basi umeshapata ugonjwa wako, dada, na gesi haihusiki. Bomba lako halina trapu, au lina trapu fupi.

Ngoja nieleze taratibu, maana hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na hata mimi nilifunga mashine mbili hivyo miaka ya mwanzo kabla sijaelewa. Nilirudi kuzirekebisha bure.

Kwenye nyingi ya mashine hizi, feni iko baada ya koili. Inanyonya hewa kupitia koili. Kwa hiyo pale chini ya koili, ilipo trei ya maji, pana mvuto, kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Ukifunga bomba lililonyooka kwenda nje, feni inavuta hewa ya nje kupitia bomba hilo hilo. Hewa inaingia kwa kasi, maji hayawezi kutoka dhidi yake. Yanajaa kwenye trei, upepo unayapeperusha kwenye dakti, unayaona darini. Ukizima, mvuto unakufa, maji yote yanashuka kwa pamoja. Ndiyo maana wale mafundi walikuta bomba liko wazi. Liko wazi kweli! Wala usiwalaumu sana, walikuwa wanatafuta uchafu.

Kinachotakiwa ni trapu ya umbo la U kama ile iliyo chini ya sinki, ili maji yanayobaki ndani yake yazuie hewa kuingia. Vipimo vyake vinatokana na nguvu ya mvuto. Tuseme feni inavuta kiasi cha kuinua maji milimita 25. Kutoka mdomo wa trei mpaka mdomo wa kutokea wa trapu, shuka milimita 50, yaani 25 za mvuto na 25 za akiba. Kisha chini ya mdomo huo wa kutokea, U ishuke nusu ya hapo, milimita 25 nyingine. Mimi huku naweka 75 na 40, kwa sababu filta zikichafuka mvuto unaongezeka, na hakuna anayebadilisha filta siku inayotakiwa.

Kata bomba la PVC, viwiko, gundi, kazi ya saa moja. Weka tii yenye mfuniko juu ya trapu ili uweze kuisafisha, na acha bomba lipumue baada ya trapu. Ukimaliza jaza trapu maji kwa mkono kabla ya kuwasha. Ikiwa kavu ni sawa na haipo. Kumbuka hilo kila mashine ikikaa bila kutumika.

Kijana_wa_Chuno

Fundi, kama mashine haina nafasi chini kwa sababu imekaa sawasawa na zege?

Fundi_Shangani

Ndiyo sababu nyingine ya zege kuinuka. Kama imeshafungwa, iinue kwa fremu ya chuma. Usichimbe shimo, litajaa maji ya mvua.

Mnaliendele

Wakuu, mashine yetu ni ya zamani, inatumia gesi ya R22. Fundi anasema tuweke R410A kwa kuwa ndiyo mpya na R22 inaadimika. Ni sahihi?

Fundi_Shangani

Hapana, mkuu, mzuie leo leo. R410A inafanya kazi kwa presha kama mara 1.6 ya R22. Mabomba, koili na kompresa yako havikujengwa kwa presha hiyo. Mafuta pia ni tofauti: R22 nyingi zina mafuta ya madini, R410A inataka mafuta ya esta, ambayo yanafyonza unyevu wa hewa upesi mno, na kwa hewa ya huku chupa ikikaa wazi imeshaharibika.

Kuhusu kuadimika, ni kweli. R22 inaharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea kama yetu zinaipunguza hatua kwa hatua hadi 2030. Kwa hiyo ukiwa na R22 itunze. Tundu likipatikana lizibwe, mfumo upimwe kwa nitrojeni, uvutwe vakyumu (hewa na unyevu vitolewe vyote), ndipo gesi ipimwe kwa mizani kufuata kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine. Koili ikifa, usiingize fedha kwenye kabati hilo tena, nunua mashine mpya.

Bwana_Harusi_Ligula

Mimi nataka kufunga AC kwenye ukumbi wa sherehe. Nimeambiwa nichukue tani 20 hata kama 12 zinatosha, ili nisijute. Maoni?

Fundi_Shangani

Utajuta, bosi wangu. Joto la huku ni nusu ya tatizo, nusu ni unyevu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 ina karibu gramu 24 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ndani ukitaka nyuzi 24 na asilimia 50, zibaki kama 11. Hizo 13 zitolewe na koili. Milango ikifunguliwa zikaingia mita za ujazo 1,000, ni lita 13 za maji. Mashine kubwa kupita kiasi inashusha joto haraka, inazima, koili haijapata muda wa kukamua maji. Wageni watakaa kwenye baridi ya unyevu, nguo zinanata, na mapazia yanaota ukungu. Chukua mbili za tani sita. Watu wachache unawasha moja, na ikiharibika moja sherehe haivunjiki. Kumbuka vipuri vingi vinatoka Dar, na barabara ya Kilwa mnajua ilivyokatika mvua na kimbunga Hidaya vilipopiga mwaka 2024.

MamaLoji_Lindi

Fundi, nimerudi. Kijana amefunga trapu kama ulivyosema, 75 na 40, maji tumejaza kwanza. Tumewasha toka saa nne asubuhi. Nifanye nini nijue imekubali?

Fundi_Shangani

Tega ndoo chini ya bomba, hesabu saa moja, milango ya ukumbi imefungwa. Usizime mashine. Kisha panda utazame darini pale palipokuwa panalowa.

MamaLoji_Lindi

Saa moja imeisha. Ndoo ya lita 20 imepita robo, kama lita sita hivi, maji meupe kabisa, yanatiririka bila kukatika. Darini nimepapasa kwa kiganja, pakavu. Tumezima kujaribu, hakuna mkupuo. Kijana kasimama palepale na hajaruka. Jumatatu naleta filta zipimwe, niambie duka gani Mtwara mjini lina saizi hizo.